Tugeuze Pakiti, Tusome Nyuma: Wito kwa Wananchi wa Usinge



Treni ya Kigoma ikisimama hapa stesheni, ni vitu gani vinavyopelekwa dirishani kwa abiria? Karanga za kukaanga kwenye vifuko vidogo. Mihogo. Mayai ya kuchemsha. Asali kwenye chupa. Maembe, msimu wake ukifika. Na kwenye maduka yetu, ni vitafunwa gani vinavyoning'inia mlangoni ili mtoto avione akipita? Ni biskuti, krispi, bisi na karanga za pakiti zinazong'aa, zilizosafiri kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na mbali zaidi.

Nawaombeni leo tuviweke vyote mezani, vile vya jina kubwa na vile vya jina dogo au visivyo na jina kabisa, tuvilinganishe kwa haki. Bila kukidharau cha kwetu, na bila kukichukia cha mwenzetu.

Huenda mzee mmoja atauliza: mwanangu, tuna mambo ya mbolea, tuna bei ya tumbaku, tuna barabara na maji, kwa nini utuletee habari za karanga na biskuti? Ni swali la haki. Lakini mzee wangu, hebu tufikirie pamoja. Mia mbili ya mtoto akienda shule, mia tano ya baba akirudi shamba, elfu moja ya mama akisubiri zahanati. Nani kati yetu huziandika fedha hizo? Mwisho wa mwezi zimekuwa kiasi gani? Na kilichonunuliwa kimeingia katika tumbo la nani, kama si la mtoto?

Kwa hiyo jambo hili ni dogo kwa sura tu.

Usinge hatuna supamaketi. Lakini ndugu zetu walioko Dar es Salaam, Nairobi na Ughaibuni wanazijua vizuri. Wanatueleza kwamba ukiingia humo unakuta rafu moja ina krispi za kampuni yenye jina, zile zinazotangazwa redioni na kwenye mabango, na pembeni yake zimekaa krispi nyingine zenye jina la duka lenyewe. Mara nyingi za duka ni rahisi zaidi. Hizo ndizo tunazoweza kuziita bidhaa za chapa ya duka.

Je, duka lina kiwanda cha krispi? Kwa kawaida halina. Linaenda kwa mwenye kiwanda na kumwambia: nitengenezee mzigo mkubwa, uupakie kwenye mifuko yenye jina langu. Wakati mwingine kiwanda hichohicho ndicho kinachotengeneza na ile ya jina kubwa. Bei inashuka kwa sababu hakuna gharama ya tangazo la redio, hakuna bango, hakuna msanii wa kulipwa, na mnunuzi wa mzigo wote ni mmoja aliyekwisha kujulikana.

Mwaka 1976, kampuni ya Carrefour ya Ufaransa ilifika mbali zaidi. Ilitoa bidhaa kadhaa katika vifungashio visivyo na chapa yoyote, kifungashio kikisema tu kilichomo ndani. Iliwaambia wateja kwamba vitu hivyo ni vizuri kama vile vyenye majina, ila bei yake ni nafuu. Watu walinunua. Leo jina la Carrefour liko hata Nairobi. Huku kwetu Afrika Mashariki, waliowahi kununua Nakumatt watakumbuka bidhaa za Blue Label, na waliowahi kununua Shoprite, ilipokuwa Tanzania, watakumbuka Ritebrand. Naivas ya Kenya nayo ina bidhaa zenye jina lake.

Basi, hizo za jina la duka ni duni? Jibu la kweli ni kwamba jina halikwambii. Nyingine hulingana kabisa na zile za jina kubwa. Nyingine zina chumvi zaidi, au mafuta ya bei rahisi zaidi, au uzito pungufu kidogo. Nyingine huzishinda. Mwenye kutaka kujua ageuze pakiti asome nyuma, kisha aonje.

Sasa turudi nyumbani. Mama anayekaanga karanga hapa Usinge na kuziuza stesheni, yeye anafanana na nani katika habari hii? Mimi naona anafanana sana na lile duka. Hana tangazo. Hana bango. Bei yake ni ya chini kwa sababu hajamlipa mtu yeyote amsifie. Jina linalouza karanga zake ni sura yake mwenyewe, kwa sababu wateja wake wa hapa wanamjua, wanajua jiko lake, wanajua hata kisima anachochota maji.

Lakini abiria wa treni hamjui. Yeye anapita, dakika chache, mkono dirishani. Anaona kifuko cheupe kisicho na neno hata moja. Pembeni anaona pakiti ya kampuni yenye maandishi. Tukiwa waungwana, tunaweza kumlaumu akichagua pakiti? Hajakataa ladha yetu, maana hajaionja. Amekosa maelezo tu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, ndugu zangu. Cha kwetu hakijashindwa kwa utamu. Kimepungukiwa maandishi nyuma ya kifuko, pamoja na ile kazi safi inayomfanya mtu athubutu kuyaandika maandishi hayo.

Tuanze na jaribio la nyumbani. Jumapili moja, baada ya chakula, nunua pakiti moja ya karanga za kampuni na kifuko kimoja cha karanga za jirani. Mwambie mtoto mkubwa azimimine kwenye sahani mbili zinazofanana, nyinyi mkiwa mmegeuka. Kisha kila mtu aonje na aseme: ipi imeiva vizuri, ipi ina chumvi ya kiasi, ipi ina harufu ya mafuta ya zamani, ipi ina punje chungu. Baada ya hapo ndipo mtoto aseme ipi ni ipi.

Fanyeni hivyo na krispi za viazi, na chipsi za muhogo, na kashata. Mtacheka, na pia mtajifunza kitu. Watoto wetu hasa watagundua kwamba ulimi unaweza kuhukumu bila kuona picha. Mzazi, huoni kwamba hilo ni somo kubwa kwa mtoto anayekua katika dunia iliyojaa matangazo?

Ladha ikishapimwa, tugeuze pakiti.

Kwanza tutafute uzito. Pakiti nyingi za vitafunwa hujaa hewa, na hewa hiyo ina kazi yake ya kuzuia krispi zisivunjike njiani. Lakini ukubwa wa mfuko usitudanganye. Tuseme pakiti moja ina gramu 50 na inauzwa shilingi 500. Kila gramu imekugharimu shilingi 10. Nyingine ina gramu 80 na inauzwa shilingi 700. Kila gramu ni shilingi 8 na senti 75. Ya pili ni ghali ukiitazama, lakini ni nafuu ukiihesabu. Mwalimu wa hesabu, hili si zoezi zuri la darasa la tano? Watoto walete pakiti tupu kutoka nyumbani, wazigawanye na kuzilinganisha.

Kisha tutazame viambato. Kwa kawaida huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito hadi kilicho kidogo zaidi. Ukiona sukari iko ya kwanza au ya pili katika biskuti ya mtoto, umeshapata habari. Ukisoma pakiti ya karanga ukakuta karanga na chumvi, basi, umepata habari nyingine.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo kwenye mboga na ugali wa siku nzima. Baadhi ya pakiti huandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha kwa mbili na nusu upate chumvi: sodiamu miligramu 400 ni sawa na gramu moja hivi ya chumvi. Wenye presha katika familia zetu, na tunao wengi, wasaidiwe kusoma mstari huo. Kijana mwenye macho mazuri amsomee bibi yake.

Kuna pia tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jina la mzalishaji na mahali alipo. Na kuna alama ya ubora ya TBS, Shirika letu la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975. Tangu mwaka 2019 TBS ndiyo pia inayosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Alama hiyo ina maana kwamba bidhaa imepimwa na kukutwa inakidhi kiwango. Haiulizi kama mwenye bidhaa ni tajiri au maskini.

Vijana wengi huniuliza kuhusu ile mistari myeusi, msimbomilia. Namba zikianza na 620, msimbo huo umetolewa Tanzania. Zikianza na 616, umetolewa Kenya. Haimaanishi kwamba kila kilichomo ndani kimelimwa huko, bali kwamba kampuni imesajiliwa huko kwa ajili ya msimbo. Ni vizuri kuijua tofauti hiyo kabla hatujabishana kijiweni.

Sasa nizungumze na akina mama na vijana wanaotengeneza. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Karanga ina adui asiyeonekana vizuri kwa macho, naye ni sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yaliyolowa, yaliyopasuka au yaliyohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na karibu 20 wakafariki kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi hudhuru ini na inaweza kuleta saratani. Na hili ndilo watu wengi hawajaambiwa: kuzikaanga hakuiondoi yote. Karanga mbovu ikikaangwa vizuri inanukia vizuri, lakini sumu inaweza kubaki mle ndani.

Kwa hiyo usalama wa kifuko chako, mama, huanzia shambani muda mrefu kabla ya kikaango kuwaka. Karanga zivunwe zikikomaa, zisicheleweshwe ardhini. Zianikwe juu ya turubai au jukwaa, zisigusane na udongo. Zikauke mpaka ukizitikisa ndani ya ganda zinalia. Zisibanduliwe kwa kulowekwa maji. Wengi hufanya hivyo ili ganda lilainike, lakini maji hayo ndiyo yanayomwalika kuvu. Kisha zichambuliwe kwa mkono punje kwa punje, na zile zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitolewe.

Na zilizotolewa ziende wapi? Naomba tuelewane hapa kama watu wa nyumba moja. Zisisagwe kuwa karanga za mboga. Wasipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu hiyo inaweza kuturudia ndani ya maziwa na mayai. Zifukiwe au zichomwe. Najua inauma kutupa jasho lako. Lakini kila mmoja wetu ana mtoto anayekula mboga ya karanga, sivyo?

Sisi wa wilaya ya Kaliua tuna jambo jingine la kwetu, kwa sababu ni wakulima wa tumbaku. Mifuko na makopo yaliyobeba mbolea au dawa za tumbaku yasihifadhi chakula, hata yakioshwa mara ngapi. Na mabani ya kukaushia tumbaku yasigeuzwe kuwa stoo ya karanga. Harufu hushika, na mabaki ya dawa pia. Mnunuzi wa mbali akinusa tumbaku kwenye karanga yako mara moja, hatanunua tena, na wala hatakwambia kwa nini.

Hatutafuni karanga peke yake. Nani katika ardhi hii ya Unyamwezi hajalelewa kwa matobolwa na michembe? Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Au vilivyokatwa vibichi na kukaushwa. Bibi zetu walivitengeneza ili nyumba ipite kiangazi. Ukiyatafuna matobolwa pamoja na karanga chache, umepata utamu usiohitaji sukari ya kuongeza, na umeshiba. Mimi nasema wazi: kwa mtoto wa shule, mchanganyiko huo ninauweka mbele ya biskuti nyingi ninazozijua. Hauna kiambato kisichotamkika.

Lakini matobolwa yetu yanauzwa kwa kipimo cha kopo, wazi, vumbi la barabara likipita juu yake. Je, kijana mmoja hawezi kuyafunga kwenye mfuko safi wa karatasi au kifungashio kinachokubalika, akapima gramu 100, akaandika jina? Nasema kifungashio kinachokubalika kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na mjasiriamali anayeanza asianze kwa kuingia katika usumbufu. Aulize kwanza.

Aulize wapi? Kuna SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lenye ofisi mkoani Tabora. Hufundisha usindikaji na ufungashaji, na hutoa barua ya utambulisho ambayo mjasiriamali mdogo huipeleka TBS. TBS, kwa utaratibu wa serikali, humhudumia mjasiriamali mdogo bila malipo anapoanza safari ya kupata alama ya ubora. Wangapi kati yetu tulikuwa tunalijua hilo? Wengi tunadhani alama ile ni ya matajiri wa viwandani.

Kuna BRELA kwa kusajili jina la biashara na alama yake. Kuna Wakala wa Vipimo kuhakikisha mzani unasema kweli. Na kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Afisa maendeleo ya jamii ndiye mlango wake. Kikundi cha akina mama watano wanaokaanga karanga pamoja, chenye katiba na akaunti, kina njia ya kufuata.

Kusajili jina kuna faida gani kwa mtu wa kifuko cha mia mbili? Hebu tuliangalie hili kwa kina, kwa kuwa historia ya eneo letu inatufundisha.

Kabla ya reli, misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe na kuendelea magharibi huku. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walinunua chakula vijijini walipopita. Chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali, na watu walijua ni ya Uvinza. Kisha reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na chakula kikahamia dirishani. Kwa hiyo kumuuzia msafiri kitafunwa ni kazi ya babu na bibi zetu.

Halafu ukaja mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947. Ulichagua sehemu tatu Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Kumbukeni kwamba kabla Kaliua haijawa wilaya, Usinge nayo ilikuwa Urambo. Yaliletwa matrekta na mitambo, mamilioni ya pauni yalitumika, yote kwa lengo la kupata mafuta ya karanga kwa ajili ya Waingereza waliotoka vitani. Mvua, udongo na vichaka havikukubaliana na mpango ule, na mwaka 1951 ulifungwa. Urambo ikaja kujulikana kwa tumbaku.

Lakini karanga hazikuondoka. Ziliendelea kulimwa kwa jembe la mkono, kati ya mihogo na mahindi, na wanawake hawahawa tunaowaona stesheni. Walijua mvua, walijua udongo, na hawakulima zaidi ya walivyoweza kuchambua. Wao ndio wenye ujuzi wa karanga katika nchi hii ya magharibi. Je, haistahili ujuzi huo uandikwe kwenye kifuko?

Karanga na asali zetu huondoka kwa magunia na madumu bila jina. Gunia likifika mjini linaunganishwa na magunia mengine, linachambuliwa, linafungashwa, linapewa jina la mwingine. Huyo mwingine hajafanya kosa. Amefanya kazi ya kuchambua, kupima na kuandika, na amelipwa kwa kazi hiyo. Swali langu ni hili tu: kazi hiyo, kiasi gani chake tunaweza kuifanya hapahapa?

Siku moja mwenye supamaketi anaweza kuja kusema: nitengenezeeni karanga, mimi nitaweka jina langu. Tukubali? Naona tunaweza kukubali, ila kwa akili. Utapata soko la uhakika na utajifunza viwango. Lakini hakikisha sehemu ya mzigo wako inabaki na jina lako. Duka likifungwa, jina lake huenda nalo. Nakumatt ilikuwa na maduka Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, na leo haipo. Waliokuwa wakiiuzia, wengi walibaki wakidai. Mwenye jina lake aliweza kugonga mlango mwingine. Aliyetegemea jina la duka alianza upya.

Majina makubwa nayo yalikuwa madogo. Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam miaka ya 1970. Leo jina la Azam liko kwenye unga, juisi na aiskrimu, na watu wanalichukua bila kuuliza maswali. Imani hiyo hujengwa mfuko kwa mfuko, kwa kufanana leo na kesho.

Hilo la kufanana nalisisitiza kwa wapishi wetu. Mteja akipata karanga zenye chumvi ya kiasi Jumatatu, azikute hivyohivyo Ijumaa. Tumia kijiko kilekile, kiasi kilekile cha karanga, moto uleule. Andika kwenye daftari. Kampuni kubwa hazina siri kubwa kuliko daftari hilo.

Wenye maduka, nanyi nawaomba jambo. Mmekuwa mkitukopesha sukari na sabuni miaka yote, na tunawashukuru. Je, mnaweza kutenga kamba moja au rafu moja kwa vitafunwa vya hapa? Si kwa huruma. Mweke masharti: kiwe na jina, uzito na tarehe, na kikipita tarehe mwenyewe akichukue. Masharti hayo yatamsaidia mama wa karanga kuliko kusifiwa. Na zile pakiti za mbali zilizokwisha muda, zitoeni mapema, hata kama zimebaki tatu tu.

Walimu na kamati za shule, mnaweza kuwaita wauzaji wa getini, mkae nao kwa heshima, mkubaliane jinsi ya kufunika chakula, kunawa mikono na kupunguza vitu vya sukari tupu. Wengi wao ni wazazi wa wanafunzi haohao. Wataelewa mkizungumza nao kama wazazi.

Mhudumu wa afya, ukipata dakika tano kliniki ya watoto, ongea kuhusu sumukuvu na ukungu. Viongozi wa dini, mna sauti inayofika kila nyumba. Tangazo moja kuhusu kuanika karanga juu ya turubai, wakati wa mavuno, linaweza kulinda maini ya watu wengi. Wanangu mlio Dar es Salaam na Mwanza, mkirudi likizo leteni pakiti tupu za wajasiriamali wa huko, tuone wengine wanavyoandika na wanavyofunga. Na mkiondoka, bebeni za kwetu kumi, mkawape watu waonje.

Kuhusu bei, tuwe wakweli pia. Kifuko kilichochambuliwa, kikapimwa, kikaandikwa, kitapanda kidogo. Kitoke mia mbili kiwe mia tatu, tuseme. Tutamwambia mama amekuwa mwizi, au tutamlipa ile mia kwa kazi ya kutoa punje mbovu? Tunalipa bila kunung'unika kwa pakiti ya mbali. Naamini hata kwa jirani tutalipa.

Kuna haraka kidogo katika jambo hili. Mwezi Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506. Reli hiyo ikianza kazi italeta abiria wengi, na itateremsha pia bidhaa nyingi zaidi kutoka kila upande. Treni za kasi hazifungui madirisha kama hizi tulizozizoea. Msafiri atanunua kwenye kibanda cha stesheni au ndani ya behewa, na huko hakuingii kifuko kisicho na maandishi. Tuna muda wa kujiandaa, lakini muda huo unatembea.

Basi, katika mkutano ujao wa kijiji, naomba mmoja wetu anyooshe mkono aombe ajenda hii iingie. Mambo ya kuanzia ni machache: mzani mmoja wa kikundi unaopima gramu na uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, maturubai ya kuanikia kabla ya mavuno yajayo, na majina ya watu wawili watakaotumwa Tabora mjini, ofisi ya SIDO, wakiwa na kilo moja ya karanga zilizochambuliwa, kilo moja ya matobolwa, na daftari lenye maswali yetu. Nauli yao tuichange. Wakirudi, wasimame mbele yetu watueleze walichojibiwa, neno kwa neno, na kikundi cha kwanza kianze kuandikishwa siku hiyohiyo.